Gitaa la Kuchomeka

Gitaa lilifika Jumatatu asubuhi kwa gari la vifurushi, na Mzee Silviu Hărșan akakataa kulitazama mpaka amalize kahawa yake. Alikuwa na miaka sitini na minane. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia kiwandani, kwenye meza ya mbavu, pale walipobandika vijiti vyembamba chini ya ubao wa juu wa gitaa ili usizidiwe na nguvu za nyuzi. Katika mji wetu mtu akisema alikuwa meza ya mbavu, tunampisha kiti.

"Baba, kahawa gani hiyo ya nusu saa?" binti yake Ilinca alimwuliza. Alikuwa amesimama kando ya kikasha hata koti hajavua.

"Nikilitazama na tumbo tupu nitasema uongo."

"Tumbo tupu lenye mayai matatu," Lucreția akadakia kutoka jikoni. Mke wake alifanya kazi chumba cha vanishi miaka yote ile, na vanishi ilimwachia kikohozi na ulimi.

Wote watatu walijua kilichokuwa ndani ya kikasha. Tangu duka la mikate lilipopunguza watu Februari, Ilinca hakuwa na kazi. Bwana Bucșa, mwenye nyumba ya wageni kule kwenye ziwa la chumvi, alikuwa akitafuta mwimbaji wa kuwaimbia wageni mezani kila mwisho wa juma, kuanzia Mei mpaka Septemba. Alimsikia Ilinca mara moja akiwa na gitaa la kawaida, na sauti ikapotelea kwenye vijiko na sahani. "Unaimba vizuri," alimwambia, "lakini njoo na gitaa la kuchomeka." Akikosa kazi hiyo, kulikuwa na basi la Italia, na wazee wa watu wa kuoshwa, kama alivyofanya miaka minne. Lucreția alikuwa ameapa kwamba hatalisindikiza basi lile mara ya pili. Alisema afadhali wamzike kwanza.

"Lei mia sita na tisini," Ilinca alisema akifungua kikasha. "Chini ya hapo ni vya kuchezea watoto, juu ya hapo sina. Wanapokea likirudishwa ndani ya siku kumi na nne, bila mkwaruzo. Wewe litazame tu, uniambie. Likiwa bovu linarudi."

Silviu alifuta mikono kwenye suruali. Alilitoa gitaa kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani na hajui kama atamtapikia. Alifumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu wake.

"Imenyooka," alikiri.

Akapitisha kidole pembeni mwa vile vyuma vidogo vya shingoni. "Hapa vinakwaruza. Tupa ya dakika tano." Akabonyeza nyuzi. "Ziko juu mno, utaota sugu kama mkata kuni. Zinashushwa." Akazungusha funguo. "Ngumu, lakini zinashika." Akapiga uzi mtupu, kisha akaubonyeza katikati ya shingo akaupiga tena, akasikiliza kama sauti mbili zile zinaelewana. Zilielewana. Ilinca alianza kutabasamu, na Lucreția akaja mlangoni na mwiko mkononi.

"Na hii redio hapa ubavuni?"

"Ndiyo inayokuza sauti, baba. Ina betri. Waya unaingia hapa chini."

"Wametoboa ubavu."

"Lazima watoboe."

"Ubavu mzima, tazama. Mkono wa mtu unapita."

Kisha akachukua kioo kidogo, cha aina anayotumia daktari wa meno, akakiingiza kwenye tundu la gitaa pamoja na taa. Akanusa. Sisi wa hapa tunajua kilichofuata, kwa sababu ndicho kilichofanyika kwa kila gitaa lililotoka kwenye bonde hili. Kulikuwa na kazi tuliyoiita kuuliza ubao. Kabla gitaa halijafungwa mgongo, fundi aliushika ubao wa juu kwa ncha za vidole, akauweka sikioni, akaugonga kwa kidole gumba. Ukiitika kwa sauti nene ya kubaki, unapita. Ukikata sauti, unarudishwa mezani, mbavu zinapunguzwa kwa randa, unaulizwa tena. Mameneja walibadilika, hata serikali ilibadilika, na hakuna aliyethubutu kumharakisha mwuliza ubao. Silviu ndiye aliyekuwa mwuliza ubao wa mwisho.

Akaligonga gitaa la Ilinca. Likasema *tak*.

Akagonga karibu na tundu, akagonga nyuma ya daraja la nyuzi. *Tak. Tak.*

"Meza," alisema. "Umenunua meza ya jikoni, wamekufungia nyuzi."

Tabasamu la Ilinca lilikufa. "Kwa hiyo nilirudishe?"

"Umelisikia likiwa limechomekwa?" Lucreția akamwuliza mumewe.

"Gitaa halichomekwi, Lucreția. Pasi ndiyo inachomekwa."

"Ndicho alichokiomba Bucșa."

"Bucșa alikuwa anauza matairi." Aligonga tena, polepole, kama anayempa mtu nafasi ya kujitetea. "Mbavu nene kama mguu wa kiti. Watu hawa hawajawahi kuuliza ubao maisha yao yote. Wanabandika tu, wanapakia melini."

"Baba, nahitaji neno moja. Linarudi au linabaki?"

Mzee alimtazama binti yake, akatazama ule ubao usioitika. Hakuwa ameshika gitaa jipya kwa miaka kumi na mmoja, tangu kiwanda kifungwe, na mikono ilikuwa inamwasha.

"Linabaki," alisema. "Niachie mpaka Ijumaa."

*

Jumanne na Jumatano Ilinca alikwenda kumsaidia shangazi yake kupanda viazi. Silviu alilegeza nyuzi, akatandika blanketi juu ya meza, akaingiza mkono kwenye tundu la gitaa mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa na randa ndogo inayoenea kiganjani, na vipande vya msasa alivyovibandika kwenye kijiti. Hakuona alichokuwa anafanya. Hakuhitaji kuona. Alikwangua, akagonga, akasikiliza, akakwangua.

Lucreția alimsikia akipiga mluzi. Mluzi ule aliujua. Enzi zile king'ora cha saa tisa kikilia, mtaa wote ulinuka gundi na msonobari, wanawake wa vanishi wakatoka wakiimba kwa sauti mbili, na wanaume wa mbavu wakawafuata nyuma wakiwapigia mluzi ule ule. Ijumaa kiwanda kiliwauzia wafanyakazi magitaa yenye kasoro kwa bei ya viatu. Hakukuwa na nyumba isiyokuwa na gitaa la kasoro. Jioni za kiangazi watu walikaa kwenye vizingiti, mmoja akianza wimbo mwanzo wa mtaa, wa mwisho wa mtaa anaumalizia. Leo mahali pale wanauza vigae vya bafu. Lucreția akipita huvuka barabara, na akiulizwa husema ni kwa sababu ya kivuli.

Aliuacha unga kwenye beseni akaja kusimama mlangoni. "Umepata kazi, naona," alisema.

"Sikiliza." Akagonga. Gitaa likaitika kwa sauti nene, ikabaki hewani kidogo kabla ya kuzimika. Mzee alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, na mkewe akamwona ana miaka thelathini.

Ijumaa Ilinca aliketi kwenye kiti cha jikoni akapiga. Alipiga wimbo mmoja wa kule vijijini, wa mchunga kondoo aliyesahau njia ya nyumbani. Gitaa la mia sita na tisini likaimba naye. Lucreția aliacha kusonga ugali mpaka ukashika chini ya sufuria, akalia kwa uwazi, akikohoa na kulia kwa pamoja. Silviu alitazama dirishani kwa sababu naye hakuwa salama.

"Umelifanya nini, baba?"

"Nimeliambia linaitwa nani."

"Lakini halitarudishika tena."

"La nini lirudi?"

Wakala ugali ulioungua, na jibini, na wote watatu walisema ni mtamu.

*

Jumapili, saa saba mchana, ukumbi wa Bwana Bucșa ulikuwa umejaa watu waliotoka kanisani na wengine waliotoka ziwani na nywele mbichi. Silviu na Lucreția walipewa viti karibu na mlango wa jikoni, pale ambapo wahudumu hupita na kukugonga bega. Bucșa mwenyewe, mnene, shati jeupe, alimwonyesha Ilinca spika kubwa nyeusi na waya.

"Chomeka hapo, mwanangu. Taratibu, watu wanakula supu."

Ilinca alichomeka. Alipiga uzi wa kwanza, ukatoka mzuri. Akapiga uzi mnene, na spika ikanguruma. Haikunyamaza. Ule mngurumo ulipanda, ukawa mbiu, ukatikisa glasi mezani. Mtoto mmoja akaangua kilio. Ilinca alizima nyuzi kwa kiganja, na bado spika ilikuwa inalia kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama.

"Punguza! Punguza!"

Alipunguza sauti mpaka ikawa haisikiki zaidi ya lile gitaa lake la kawaida. Alipopandisha kidogo, ng'ombe akarudi. Watu walianza kucheka. Mzee mmoja akapiga kelele kwamba kama ni wakati wa kukamua alete ndoo, na meza nzima ikashangilia.

Bucșa hakucheka. "Nilikuambia uje na gitaa, umeniletea king'ora. Nina mtu wa kinanda, yuko tayari hata leo."

"Bwana Bucșa, nipe Jumapili moja. Moja tu." Shingo ya Ilinca ilikuwa nyekundu mpaka masikioni. "Nakuomba."

"Moja. Likilia hivi tena, ukaliimbie malishoni."

Silviu alikuwa ameinuka bila kujua. Alivuka ukumbi kwa suruali yake ya Jumapili, huku wale wa ndoo wakimtazama, akaweka kiganja juu ya ubao wa gitaa wakati binti yake akiwa bado hajachomoa waya. Ilinca hakuwa akigusa uzi wowote. Ubao ulikuwa unatetemeka wenyewe. Spika ilikuwa inautikisa, nao unairudishia spika, na spika inautikisa tena. Kiganja kile kilikuwa kimeuliza mbao elfu nyingi, na sasa kilijibiwa jambo ambalo hakikuliuliza. Mbavu zile nene ziliachwa nene makusudi. Ubao mzito hautikisiki ovyo mbele ya spika, na walioutengeneza walilijua hilo tangu mwanzo.

*

Kwenye basi la kurudi Silviu alimweleza binti yake, kwa sauti ya chini, mpaka mwisho. Hakujificha nyuma ya lolote. Ilinca alikuwa amelipakata gitaa, akitazama nje.

"Nilikuomba ulitazame, baba," alisema. "Sikukuomba ulitengeneze."

"Najua."

"Kila kitu nikileta nyumbani, lazima ukipe dawa. Nilipoleta mume ulimpa dawa. Nimeleta gitaa, umelipa dawa."

"Mume yule alihitaji," Lucreția alisema.

"Mama, nyamaza tafadhali."

Lucreția akanyamaza, na hilo halijawahi kutokea kwenye basi lile. Silviu alitaka kusema samahani. Katika maisha yake hakuwahi kumwambia binti yake neno hilo, na sasa lilipofika mdomoni alikuta watu wa mtaani wamejaa viti vya mbele na nyuma. Aliliacha. Usiku huo na kesho yake hawakusemeshana, na Ilinca alitoa sanduku lake la Italia uvunguni, akaliweka tu pale, katikati ya chumba.

*

Jumanne Silviu alipanda treni mpaka mji wa Târgu Mureș, kwenye duka Ilinca alikolinunua, na gitaa mgongoni. Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimulika ndani kwa simu yake, akainua kichwa.

"Nani amelichokoa hivi?"

"Panya," Silviu alisema. Kisha akaona aibu. "Mimi."

"Mzee, hili hatulipokei. Hata mimi nikikubali, meneja atanila nyama."

"Sikuja kurudisha." Hii haikuwa kweli kabisa. "Nimekuja kuuliza. Linalia kwenye spika."

Yule mama aligonga ubao kwa kidole, akasikiliza, akaligeuza. "Aisee, lina sauti," alisema. "Lakini kwa ukumbi, umelifanya jepesi mno. Haya huwa mazito kwa makusudi. Wapo wanaoziba tundu. Kuna kifuniko cha mpira, hiki hapa, lei arobaini na tano."

Silviu alikishika kile kifuniko cheusi, akakigeuzageuza. "Nikiziba mdomo, sauti itatokea wapi?"

"Kwenye spika, mzee wangu," alisema kwa upole. "Sauti ya gitaa hili haikukusudiwa itoke hapo."

Mteja mwingine alikuwa akisubiri nyuma yake. Silviu alikirudisha kifuniko, akasema asante, akatoka na gitaa lake. Kituoni ilibaki nusu saa treni ifike, na alikaa kwenye benchi akilifikiria neno lile. Hakumchukia yule mama. Alikuwa amemwambia kwa adabu jambo ambalo watu wa mtaani kwetu hatujaweza kuambiana kwa miaka kumi na mmoja, kwamba sauti sasa inatokea kwingine.

*

Alfajiri ya Jumatano alichonga vijiti vipya vya msonobari, akavibandika kandokando ya mbavu alizozikondesha mwenyewe, kimoja kimoja, kwa kupapasa. Kisha akachonga kifuniko cha tundu, cha mbao, akakizungushia ngozi ili kikae bila kucheza. Tatizo likabaki moja, kwamba nyumbani hakukuwa na spika.

"Lucreția, lete redio."

"Ya jikoni?"

"Iwekee muziki wa tarumbeta, pandisha mpaka mwisho."

"Majirani watasema tumerukwa na akili."

"Walishasema."

Redio ikapayuka. Silviu alilisimamisha gitaa mbele yake, tundu likiwa wazi, kiganja juu ya ubao. Ubao ulitetemeka, kidogo kuliko Jumapili. Akatia kifuniko. Ukatulia. Alikitoa, akakitia, akakitoa, huku Lucreția akizungusha kitufe cha redio na kupiga kelele, "Bado? Bado?" na jirani wa upande wa pili akigonga ukuta kwa ufagio.

Ilinca alitoka chumbani na nywele za usingizi. Aliwakuta wazazi wake wamepiga magoti sakafuni mbele ya redio, baba yake amefumba macho, mama yake anakohoa na kucheka.

"Mnafanya nini?"

Silviu alifumbua macho. Redio ilikuwa inapiga tarumbeta kwa nguvu zake zote, na labda ndiyo iliyomsaidia.

"Nisamehe, mwanangu!" alipaza sauti. "Nililiharibu! Wao walikuwa sahihi!"

"Sikusikii, baba!"

"Umemsikia," Lucreția alisema, akazima redio.

Ilinca alikuwa amemsikia. Aliketi sakafuni nao, akachukua gitaa, akapiga. Likiwa limezibwa, mlio ulikuwa mkavu, mdogo, wa mtu anayezungumza nyuma ya mlango. Alitazama uso wa baba yake wakati akipiga, akaacha.

"Inakuuma," alisema.

"Inaniuma sana," alisema Silviu. "Usiache. Piga."

*

Jumapili iliyofuata wale wa ndoo walikuwepo, wamejiandaa. Ilinca alichomeka waya, akapandisha sauti, akapiga ule uzi mnene. Ulitoka mnene, safi, ukajaa ukumbi mpaka kwenye pembe za dari, na ulipozimwa ukanyamaza. Aliimba nyimbo saba. Kufikia ya tatu wale wa ndoo walikuwa wanapiga meza kwa mdundo, na mmoja akamtumia glasi ya palinka, ile pombe kali ya matunda.

Bucșa alipita kwenye mlango wa jikoni akijifuta paji la uso. "Ijumaa saa kumi na mbili jioni," alimwambia Lucreția, kana kwamba yeye ndiye meneja wa binti yake. "Na asichelewe." Lucreția alimjibu kwamba kwao hakuna aliyewahi kuchelewa kazini, kisha akashika mkono wa mumewe chini ya meza akaubana mpaka ukamwuma.

Silviu hakujua atazame wapi. Binti yake alikuwa upande huu na sauti ikitokea upande ule, kwenye kasha jeusi. Mwishowe alimtazama binti.

Meza ya jirani alikaa bwana mmoja kutoka mji wa Cluj, mwenye miwani mizuri, aliyekuja na mtoto wa kike wa miaka kumi hivi. Aliinama kwa Silviu.

"Samahani, mzee. Nimeambiwa wewe ni wa kiwanda cha magitaa. Hilo ni la kwenu?"

Silviu angeweza kuitika. Ukumbi mzima ungeamini, na ungefurahi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiulizwa habari za magitaa ya nje, na kila mara jibu lake lilikuwa moja, kwamba ni kuni.

"Si la kwetu," alisema. "La kwetu halipo tena. Hilo limetoka mbali, kwa watu nisiowajua."

"Ni zuri? Namtafutia binti yangu, na bei za siku hizi..."

"Mia sita na tisini. Shingo imenyooka, funguo zinashika. Mshushie nyuzi asiumie vidole." Akamtazama yule mtoto. "Wanaijua kazi hao. Mnunulie. Ila asitokee fundi yeyote akaligusa ndani, hata akikuambia amefanya miaka thelathini na mmoja. Mwambie aliache kama walivyolifanya."

Yule bwana alishukuru, akaandika kwenye simu yake. Silviu aliinamia supu yake. Machozi yalimtoka hadharani, mbele ya wahudumu na wale wa ndoo, na Lucreția akamsogezea mkate.